Intavyuu ya Kuingia Chuo Japani: Mwongozo Kamili Hatua kwa Hatua

Kila msimu ni yale yale. Mtu ana maksi nzuri za EJU (mtihani wa Japani kwa wageni wanaotaka kuingia chuo), ana N2 mkononi (cheti cha Kijapani, ngazi ya pili kutoka juu), mzazi keshajipanga na ada, anaingia intavyuu dakika kumi na tano anatoka, siku ya matokeo namba yake haipo. Ukimuuliza walikuuliza nini anakwambia maswali yalikuwa mepesi tu. Na kweli ni mepesi: kwanini Japani, kwanini chuo hiki, ukimaliza utafanya nini. Watu hawaangushwi na ugumu wa maswali, wanaangushwa na kwamba wanachosema mdomoni hakifanani na walichoandika kwenye fomu, au wamekariri jibu la mtu mwingine ambalo likichimbwa kidogo tu linaisha.

Watahini wa Kijapani wanakaa na faili lako mezani. Wamelisoma, wamelipigia mistari, na wanauliza kutoka humo. Kwa hiyo hii intavyuu ni mtihani wa karatasi zako mwenyewe, na maandalizi yote hapa chini yanaanzia hapo.

Mwongozo huu ni wa anayeomba shahada ya kwanza, awe yuko Japani kwenye shule ya lugha au anahojiwa kwa mtandao akiwa nyumbani. Wa masters, na wa skolashipu za MEXT (ya serikali ya Japani) na ABE (ya JICA, shirika la misaada la Japani), nimewawekea sehemu yao kuelekea mwisho.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Boshuu youkou ya mwaka huu, yaani kile kitabu cha maelekezo ya maombi cha chuo. Cha mwaka huu nasema, sio kile alichokutumia rafiki yako aliyeomba mwaka juzi.
- Kopi ya kila kitu ulichotuma: shibou riyuusho (barua ya sababu za kuomba), fomu, vyeti, matokeo.
- Tamko la chuo kuhusu mwanafunzi wanayemtaka, wenyewe wanaliita adomisshon porishii. Tangu Aprili 2017 kila chuo Japani kinalazimika kulitoa hadharani, kwa hiyo usiseme hukulipata, lipo kwenye tovuti ya kila kitivo.
- Orodha ya kozi za kitivo chako na kurasa za maprofesa wake.
- Juken hyou, ile karatasi yenye namba yako ya mtahiniwa.
- Daftari, na simu ya kujirekodi.
- Suti nyeusi au ya bluu iliyoiva, shati jeupe, viatu vilivyopigwa rangi.
- Mtu mmoja wa kukuhoji ambaye hakuonei aibu kukukosoa.

Kama ni ya mtandaoni ongeza laptopu, intaneti ya aina mbili tofauti, na chumba unachoweza kukifunga.

Hatua ya 1: Jua intavyuu yako ni ya aina gani

Fungua boshuu youkou utafute neno mensetsu, yaani intavyuu. Kuna ya mtu mmoja mmoja, ambayo ndo ya kawaida, mara nyingi dakika 10 mpaka 20 mbele ya watahini wawili au watatu. Kuna ya kundi, mnakaa watahiniwa kadhaa mnaulizwa kwa zamu. Halafu kuna koutou shimon, na hii ndo inayowaumiza watu wa sayansi, kwasababu unaulizwa masomo yenyewe kwa mdomo, unaweza kupewa chaki ukaambiwa onyesha ubaoni hii intigreshoni unaifanyaje.

Kwanini uanze hapa: mtu anayejiandaa kwa "jitambulishe" akakutana na swali la kemia anaganda, na akishaganda hata yale aliyoyajua yanapotea.

Angalia pia kampasi. Vyuo vikubwa vina kampasi zaidi ya moja na zinaweza kuwa mbali mbali: Tokyo ina Hongo na Komaba, Kyoto ina Yoshida, Uji na Katsura, Osaka ina Suita, Toyonaka na Minoh. Kwenda kampasi siyo ni sawa na kutokwenda kabisa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema bila kuangalia popote: ni aina gani, lugha gani, dakika ngapi, wapi, na kuna mtihani wa mdomo au hakuna.

Hatua ya 2: Soma karatasi zako kama mtu anayetafuta kosa

Chukua shibou riyuusho yako, kalamu nyekundu, kaa peke yako. Kila sentensi iulize kwanini, jibu, halafu jibu lenyewe nalo uliulize kwanini, mpaka mara tatu. Umeandika "napenda uinjinia wa mazingira". Kwanini? Kwasababu ya mafuriko Dar. Kwanini mafuriko yanatokea? Hapo sasa, unajua mifereji inazibwa na nini, Bonde la Msimbazi linajaa kwanini, au ulitaja mafuriko kwasababu linasikika zuri? Profesa wa uinjinia wa maji atakuuliza hivyo hivyo, kwa upole kabisa, huku anatabasamu.

Sentensi yoyote ambayo haifiki kwanini ya tatu, nenda kajifunze mpaka ifike. Barua ushatuma, huwezi kuibadilisha, lakini unaweza kujaza kilicho nyuma yake.

Weka alama pia kwenye mapengo. Mwaka uliokaa nyumbani baada ya form six, somo ulilopata maksi za chini, mahudhurio ya shule ya lugha yaliyoshuka. Hilo la mahudhurio liangalie sana, maana Japani asilimia ya mahudhurio inaandikwa kwenye cheti na wao wanaichukulia kama picha ya utakavyoishi chuoni kwao. Andaa maelezo ya kweli na mafupi: niliumwa mwezi wa sita, hiki hapa ndicho nilichofanya kurekebisha, tangu mwezi wa tisa sijakosa. Basi, ishia hapo. Ukianza kujitetea kwa dakika tatu tatizo dogo linakuwa kubwa.

Onyo: kama barua yako uliandikiwa na mtu au na programu ya akili bandia, na kuna maneno humo hata kuyasema huwezi, hapa ndo utajulikana. Watu wanaulizwa "neno hili uliloandika hapa una maana gani" wanabaki wanaangalia meza. Kila kanji (zile herufi zenye asili ya Kichina) iliyoko kwenye karatasi yako lazima uweze kuisoma kwa sauti na kuieleza kwa maneno mepesi.

Umefaulu ukiweza kumsimulia mtu barua yako yote bila kuishika, kwa maneno tofauti na yaliyoandikwa, na maana isibadilike.

Hatua ya 3: Tengeneza jibu la "kwanini chuo hiki"

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, maana maswali mengine yote yanazunguka hili.

Jibu ninalokutana nalo mara nyingi ni hili: "Japani imeendelea sana kiteknolojia na Wajapani wana nidhamu, kwa hiyo nataka kusoma hapa." Halina matusi, halina uongo, ila halina chuo ndani yake. Ukitoa jina la chuo kimoja ukaweka kingine halibadiliki hata herufi. Mtahini kashalisikia asubuhi hiyo hiyo kwa watu kadhaa kabla yako.

Sasa tuchukue mfano. Kijana katoka Dodoma, anaomba kilimo Chuo Kikuu cha Tottori. Tottori ni mji mdogo pwani ya bahari ya Japani, una matuta makubwa ya mchanga, na chuo chake kina kituo cha utafiti wa ardhi kame. Dodoma nako ni nusu jangwa, mvua zake ni msimu mmoja, toka Disemba hivi mpaka Aprili, na zikikata katikati mahindi yanakauka huku mtama na uwele vinastahimili kidogo. Hapo tayari kuna uhusiano wa kweli kati ya anakotoka na anakokwenda, hauhitaji kupambwa. Jibu lake linaweza kuwa hivi:

"Nataka kujifunza namna ya kuhifadhi unyevu kwenye udongo sehemu zenye mvua chache. Nyumbani kwetu Dodoma mvua ni msimu mmoja kwa mwaka, na nimeona mahindi ya familia yakikauka wakati mtama wa jirani umesimama. Chuo hiki kina kituo cha utafiti wa ardhi kame, kwa hiyo nitasoma pamoja na watu wanaofanyia kazi tatizo hilo hilo. Nikimaliza nataka kurudi nikafanye kazi na wakulima wadogo."

Halijafika dakika moja. Angalia limepangwaje: ninachotaka kwanza, halafu kilichonifikisha hapo, halafu kwanini hapa na sio kwingine, halafu nikitoka naenda wapi. Na kila kipande kina mlango wa swali linalofuata, ndo maana ni zuri, unamwelekeza mtahini pa kuchimba na wewe umeshachimba kabla yake. Atauliza:

- Tanzania kuna Chuo cha Sokoine cha Morogoro, kwanini usisome huko?
- Tofauti ya mchanga wa Tottori na udongo wa Dodoma ni nini?
- Kati ya kozi zetu za mwaka wa pili, ipi unaisubiri?
- Wakulima wadogo hawana hela, utaalamu wa huku watautumiaje?

Hilo la kwanza wote wanaulizwa kwa namna moja au nyingine na wengi wanajibu kwa kuponda chuo cha nyumbani. Usifanye hivyo. Haikupandishi, unaonekana mtu atakayekuja kukiponda na hiki. Sema cha nyumbani kina nini, halafu sema hiki kina nini cha ziada kwa hicho kitu mahsusi unachotaka.

Halafu usitunge mambo ya kwenu ukidhani hawajui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wako Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, wanafuatilia sokwe tangu 1965, chuo hicho hicho kina kituo kizima cha masomo ya Afrika, na Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili mpaka shahada. Unaweza ukakutana na profesa aliyeishi Kigoma miaka kuliko wewe.

Kazi ya kufanya kabla ya kwenda hatua ya 4: andika kozi tatu, maprofesa wawili pamoja na wanachofanyia utafiti, na kitu kimoja ambacho chuo hicho kinacho na vingine ulivyoomba hakina.

Hatua ya 4: Maswali yanayouma

*Ada utalipaje?* Jua namba. Vyuo vingi vya serikali ada ya kawaida ni yen 535,800 kwa mwaka pamoja na yen 282,000 za kuingilia, baadhi vimepandisha mpaka yen 642,960, na vya binafsi kwa kawaida ni zaidi. Jibu zuri linataja nani analipa, kazi yake nini, na mwaka wa kwanza umeshatengwa. Jibu baya ni "nitafanya arubaito", yaani kibarua. Kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 28 tu kwa wiki vipindi vikiwa vinaendelea, wao wanalijua hilo vizuri, kwa hiyo ukisema utalipa ada yote kwa kibarua wanasikia mambo mawili: utavunja sheria au utaacha masomo. Kibarua kitaje kama nyongeza ya matumizi, sio nguzo.

*Umeomba vyuo vingine?* Sema ukweli, ila viwe vinaendana. Kilimo hapa na kilimo kule inaeleweka. Kilimo hapa, biashara kule na katuni pale, unaonekana hujui unachotaka. Wakiuliza ukipata vyote utakwenda wapi, kama hiki ndo chaguo la kwanza sema hivyo na sababu yake.

*Uzuri wako na udhaifu wako?* Udhaifu wa kweli pamoja na unachofanya kuurekebisha. "Udhaifu wangu nafanya kazi kupita kiasi" wameshachoka nao.

*Habari gani ya karibuni imekugusa?* Chagua moja wiki hiyo hiyo, iwe karibu na fani yako, ujue nini kimetokea na wewe unaonaje.

*Una swali kwetu?* Andaa mawili. Yawe ya masomo: mwanafunzi wa mwaka wa ngapi anaanza kuingia maabara, au vitu gani nisome kabla masomo hayajaanza Aprili. Usiulize kilichoko kwenye boshuu youkou maana ni kuonyesha hujaisoma, na usianze na skolashipu.

Hatua ya 5: Jibu kwanza, maelezo baadae

Sisi tumelelewa kuzunguka. Unasalimia, unaleta mazingira, unafika kwenye jambo taratibu, ndo heshima yetu. Kwenye mensetsu inakuwa kinyume, hitimisho linakuja sentensi ya kwanza, halafu sababu, halafu mfano mmoja. Sekunde 30 mpaka 60 inatosha. Ukipita dakika moja na nusu watahini wanaanza kuangalia karatasi zao.

Kwa wanaohojiwa kwa Kijapani: shika desu na masu, vile vimalizio vya adabu vya sentensi, mwanzo mpaka mwisho. Ile heshima ya juu sana, keigo, tumia chache unazozijua vizuri, kwasababu keigo iliyokosewa inavuruga zaidi kuliko desu na masu iliyonyooka. Ukisema "mimi" sema watashi, achana na boku na ore hata kama marafiki wote wa shule ya lugha wanazungumza hivyo. Na irabu ndefu zivute kweli. Herufi zetu a, e, i, o, u zinafanana sana na zao kwa hiyo tuna bahati, ila tunazoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho na kufupisha zile ndefu, na neno linageuka lingine.

Sentensi mbili za kuokoa maisha, ziwe mdomoni kabisa:

- Hujasikia: "Sumimasen, mou ichido onegai shimasu."
- Unataka kufikiri kidogo: "Sukoshi kangaete mo yoroshii deshou ka."

Kuomba kurudiwa swali sio kosa. Kujibu swali ambalo hukuulizwa ndo kosa. Na usichokijua sema hujui, "moushiwake arimasen, wakarimasen" (samahani sana, sijui), halafu ongeza utakwenda kujifunza. Kwenye koutou shimon hata jibu nusu lina thamani, fikiri kwa sauti waone unapita njia gani.

Hatua ya 6: Mazoezi, na namna ya kuyafanya

Usikariri aya. Hili nalisema kwa uchungu maana nimeona watu wazuri wakipotea hivi: kakariri jibu neno kwa neno, mtahini kamkatiza katikati na swali dogo, kamba imekatika, anaomba kuanza mwanzo. Kariri pointi. Kila jibu maneno matatu kwenye daftari, sentensi zijitengeneze zenyewe kila mara upya.

Mzunguko uwe hivi: jirekodi video, angalia bila sauti kwanza uone mwili unafanya nini, halafu sikiliza bila kuangalia. Utaona mguu unatikisika, utasikia "eeto" au "yaani" kila sekunde. Rekebisha kitu kimoja, rudia. Kisha mpe mtu barua yako akuhoji kwa maswali yake mwenyewe, sio uliyompa wewe. Shule za lugha nyingi Japani zinafanya mazoezi haya, wanayaita mogi mensetsu, na nyingi zinaweka kumbukumbu za waliotangulia waliulizwa nini chuo fulani, kwa hiyo nenda ofisini ukaombe, wengi hata hawajui kwamba zipo.

Umeiva pale mtu anapokuuliza swali la kwanini chuo hiki mara tatu kwa maneno tofauti na unampa jibu lile lile kwa sentensi tofauti bila kutetereka.

Hatua ya 7: Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti

Nenda ukaone sehemu siku moja kabla, kwa treni ile ile na saa ile ile. Siku yenyewe fika nusu saa mapema. Treni ikichelewa chukua chien shoumeisho, karatasi ya kuthibitisha ucheleweshaji, wanatoa pale pale stesheni au kwenye tovuti ya kampuni ya treni, na piga simu chuoni hapo hapo usisubiri kufika. Namba ya simu ya ofisi ya udahili iko kwenye juken hyou au boshuu youkou, isevu kabla.

Chumbani mpangilio ni huu:

1. Gonga mara tatu taratibu. Subiri "douzo" (karibu).
2. Fungua, sema "shitsurei shimasu" (hodi, samahani), ingia, geuka ufunge mlango kwa mkono. Usiusukume nyuma yako.
3. Inama kidogo, nenda mpaka pembeni ya kiti, simama.
4. Taja namba yako na jina kamili, "yoroshiku onegai itashimasu" (naomba mnipokee vizuri), inama kama nyuzi 30.
5. Usikae mpaka uambiwe. Begi sakafuni pembeni ya kiti, simu imezimwa, sio kutetemeshwa.
6. Ukimaliza simama, "arigatou gozaimashita" (asanteni), inama. Mlangoni geuka, "shitsurei shimasu", toka.

Maneno kwanza, kuinama baadae, sio vyote kwa pamoja. Mkono hautolewi. Zawadi hazipelekwi, hata kahawa ya Kilimanjaro, maana ukimpa mtahini kitu unamweka pabaya.

Macho sasa. Kwetu kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu, tunaangalia chini. Pale kuangalia chini kunasomeka kama kuficha kitu au kutojiamini. Ukiona ni vigumu angalia usawa wa fundo la tai yake, halafu wakati wa kusema lile neno la muhimu panda usoni. Wakiwa watatu anza na aliyeuliza, kisha wagawie wengine.

Hijabu vaa bila wasiwasi, rangi moja iliyotulia. Nywele za kusuka zibane nyuma uso uonekane. Marashi acha nyumbani.

Hatua ya 8: Kama ni kwa mtandao ukiwa nyumbani

Saa ndo imewapotezea watu nafasi, kwa hiyo soma hapa mara mbili. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na haibadilishi saa majira ya joto. Bahati nzuri sisi Waswahili tuna njia ya mkato: namba ya saa ya Japani ndo saa yetu ya Kiswahili. Wameandika 10:00, kwako ni saa kumi, alfajiri. Wameandika 14:00 yaani saa mbili ya mchana kwa kizungu, kwako ni saa mbili asubuhi. Walioko Burundi, Rwanda na Kongo mashariki wapunguze saa moja zaidi.

Hatari iko kwenye tarehe. Intavyuu ya tarehe 15 saa 9:00 ya Japani kwetu ni saa tisa ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Kuna watu wamejiandaa wakalala tarehe 14 wakijua kesho usiku ndo shughuli, wakaamka asubuhi imeshapita. Weka alamu kwenye simu mbili. Na kama ni saa tisa au saa kumi usiku, anza kuhamisha usingizi wiki nzima kabla, lala saa moja jioni, maana sauti ya mtu aliyetoka kitandani inajulikana.

Umeme: nunua luku mapema, laptopu iwe imejaa, taa ya betri usoni, simu yenye bando la mtandao mwingine ikiwa hotspoti tayari kabla ya wakati. Jaribu kukata intaneti kuu makusudi uone unarudi kwa dakika ngapi. Soma maelekezo ya chuo kuhusu jina linaloonekana kwenye Zoom, vingine vinataka namba ya mtahiniwa tu. Wanaweza kukuomba uzungushe kamera waone chumba kizima, kwa hiyo uwe peke yako, ukuta mtupu nyuma, meza haina kitu zaidi ya pasi ya kusafiria na juken hyou. Karatasi za majibu ukutani usibandike, macho yako yatakusaliti.

Waambie wa nyumbani na jirani mwenye redio. Angalia kamera wakati unaongea, sio uso wako kwenye skrini. Muunganisho ukikatika rudi, sema "shitsurei itashimashita" (samahani kwa hilo), endelea pale ulipoishia, usitumie dakika nzima kulaumu mtandao.

Masters, MEXT na ABE

Wa masters uti wa mgongo wako ni kenkyuu keikakusho, mpango wa utafiti. Mara nyingi unawasilisha kwa dakika chache halafu unachimbwa. Maswali ni: data utaipata wapi, kwanini njia hii na sio ile, miaka miwili inatosha? Soma machapisho ya karibuni ya profesa uliyemwandikia, angalau mawili, mpaka uweze kusema tofauti yake na unachotaka kufanya wewe.

MEXT kupitia ubalozi unahojiwa ubalozini, Dar, Nairobi au ulipo, na swali lililojificha ni kwanini serikali ya Japani ikulipie wewe. Onyesha utakachofanya kati ya nchi mbili hizi baada ya kumaliza. Wa shahada ya kwanza ajue kuna mwaka mmoja wa maandalizi na lugha kabla ya miaka ya chuo, ukiulizwa kama uko tayari usionekane unasikia leo.

ABE Initiative ya JICA inaunganisha masters na mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni za Kijapani, kwa hiyo jibu la utafiti pekee halitoshi, taja biashara au sekta gani nyumbani itaungana na kampuni za aina gani.

Hatua ya 9: Baada ya kutoka

Ukitoka tu, kabla hujapanda treni, andika maswali yote uliyoulizwa na ulivyojibu. Kama una chuo kingine wiki ijayo haya ni dhahabu.

Wa shahada ya kwanza usiwaandikie watahini barua ya shukrani wala kuuliza matokeo, subiri tarehe iliyotangazwa. Wa masters ambaye mlikuwa mnaandikiana na profesa, mistari miwili ya shukrani inatosha. Matokeo yanatoka kwa namba ya mtahiniwa kwenye tovuti, basi usitupe juken hyou.

Namba yako ikiwepo, siku hiyo hiyo fungua ukurasa wa nyuugaku tetsuzuki, taratibu za kuingia, uone tarehe ya mwisho ya kulipa. Inaweza kuwa wiki moja au mbili tu, na hela kutoka benki zetu kwenda Japani inachukua siku kadhaa, tena makato ya benki ya katikati yanaweza kufanya ifike pungufu, kwa hiyo mwambie mzazi atume kwa mpangilio ambao makato yote yanabebwa na mtumaji. Ada ya kuingilia hairudishwi hata ukighairi. Kama chuo unachokitaka zaidi kinatoa matokeo baada ya tarehe ya kulipa ya hiki cha kwanza, piga simu ofisi ya udahili uulize kama wanakubali kulipa kwa awamu, ada ya kuingilia kwanza na ada ya masomo baadae. Vyuo vingi vina utaratibu huo na umeandikwa kwenye boshuu youkou, kurasa za mwisho mwisho ambazo watu hawafiki.

Aliyeko nyumbani, chuo kikishapokea malipo kinakuombea zairyuu shikaku nintei shoumeisho, cheti cha kuthibitisha unastahili kukaa Japani, kwa uhamiaji wa Japani, na hiyo ndo unaipeleka ubalozini kuomba viza. Hakikisha jina kwenye pasi, kwenye fomu na kwenye vyeti limeandikwa sawa herufi kwa herufi kabla hawajatuma.